Safari ya Universite na Shauri la Malaika Wawili

CHAMA CHA MAMA NA MTOTO, KASONGO

Kumbukumbu za kikao cha wajumbe kilichofanyika Jumamosi, tarehe 7 Juni 1958, katika Nyumba ya Kungojea, nyuma ya maternite, hospitali ya uzazi.

WALIOHUDHURIA
Mama Cécilia, mwenyekiti
Mama Sidonie, makamu wa mwenyekiti
Bi Mwanvua, mtunza Nyumba ya Kungojea
Mama Émérance, katibu, ndiye anayeandika

WALIOALIKWA
Bi Nuru, mke wa Abedi wa gari la moshi. Alikaa Elisabethville tangu ndoa yake mpaka mwaka jana
Fundi Théophile, seremala, kwa KUMB. NA. 16 peke yake

ASIYEKUWEPO
Mama Louise. Yuko Wamaza kwenye matanga ya shemeji yake. Alituma salamu.

Alikuwepo pia mtoto Heri wa katibu, ambaye hana kura. Kina mama wanaongojea kuzaa walikaa barazani. Hawakualikwa, lakini dirisha la nyumba hii halifungiki.

KUMB. NA. 11/58: KUFUNGUA KIKAO
Kila mmoja aliomba kimya kwa namna ya dini yake, kama tulivyopatana tangu mwanzo wa chama. Mwenyekiti alisema leo kuna mambo makubwa, basi wajumbe wasikilize kwanza, wajibu baadaye. Alimtazama Mama Sidonie na Bi Mwanvua.

KUMB. NA. 12/58: KUMBUKUMBU ZA MEI
Zilisomwa. Mama Sidonie alipinga mahali palipoandikwa kwamba "alinuna". Alieleza: "Sikununa. Nilinyamaza tu." Bi Mwanvua alisema yeye aliona kununa kwa macho yake mawili. Neno lilifutwa, likaandikwa "alinyamaza". Kumbukumbu zilikubaliwa.

KUMB. NA. 13/58: KARATASI YA UNIVERSITE
Mwenyekiti alikumbusha kwamba chama chetu kimeitwa kwenye mkutano wa kina mama wa Kongo juu ya uzazi na malezi, utakaofanyika katika universite ya Elisabethville kuanzia Jumatatu tarehe 21 Julai. Kila chama kitume mjumbe mmoja. Karatasi ya maelezo kwa wageni ilisomwa mwezi wa Mei, lakini siku ile mvua ilipiga juu ya bati na wengi hawakusikia. Kwa hiyo mwenyekiti aliisoma tena, kwanza kwa Kifaransa, halafu akaigeuza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiye aliyesoma kwa Masista mpaka darasa la mwisho.

Mgeni atapokelewa stesheni na bibi mwenye kitambaa cha kijani mkononi. Asiulize njia kwa mtu mwingine. Awe na karatasi ya ruhusa ya safari kutoka kwa Bwana Administrateur, na kadi ya chanjo. Chakula atapewa asubuhi, mchana na jioni, mezani, pamoja na wageni wote.

Atalala katika nyumba ya wanafunzi, chumba cha mtu mmoja. Mna kitanda, blanketi mbili, taa ya umeme. Jina lake litaandikwa kwenye mlango.

Bi Mwanvua aliomba hapo parudiwe. Aliuliza: "Mlango wa nani?" Mwenyekiti alijibu: "Wa chumba." Bi Mwanvua: "Jina la mutu wa Kasongo, juu ya mlango wa universite?" Mwenyekiti: "Ndivyo." Bi Mwanvua: "Na wanafunzi wenyewe watalala wapi?" Ilielezwa kwamba watakuwa likizo.

Kuingia ni kwa mlango mkubwa wa mbele. Mama Sidonie aliuliza kama ndio mlango ule ule wanaopita Wazungu. Mwenyekiti aliitazama karatasi upande wa kwanza, akaigeuza, akatazama wa pili. Alisema: "Imeandikwa mlango mkubwa. Haikuandikwa wa nani."

Kila mjumbe atasema kwa lugha anayoifahamu, Kiswahili nacho kimetajwa kwa jina, na mkalimani atakuwepo. Sauti yake itakamatwa na mashine. Bi Nuru aliombwa aeleze, kwa kuwa mashine ya namna hiyo aliiona kwa bwana mmoja ambaye mumewe alimfanyia kazi. Alisema: "Inazungusha utepe, kama mutu anayekunja uzi. Ukimaliza kusema, inarudisha maneno yako yote, hata kikohozi." Bi Mwanvua aliuliza: "Na mutu akisha kufa, sauti inabaki inakohoa?" Bi Nuru: "Inabaki." Mmoja wa barazani alisema yeye hatafungua mdomo mbele ya kitu kile hata apewe ng'ombe.

Iko pia nyumba ya vitabu peke yake. Bi Nuru hajaingia, lakini aliiona kwa dirisha: vitabu vimepangwa ukutani mpaka juu, na mtu anapanda ngazi kuvichukua kama anakata chikichi. Mwenyekiti aliuliza kama waliosoma vile vyote wako hai. Bi Nuru hakujua.

Katibu anaandika kwamba katika sehemu hii hakuna aliyegombana na mwenzake.

KUMB. NA. 14/58: OMBI LA KATIBU
Ilikumbushwa kwamba mwezi wa Aprili katibu alichaguliwa kuwa mjumbe wa safari, kwa sababu habari itakayopelekwa ni ya Nyumba hii ya Kungojea. Wa barazani waliuliza kwa nini yeye. Bi Mwanvua aliwajibu, na mwenyekiti alimwacha aseme.

Alieleza kwamba miaka mitatu iliyopita Mama Émérance alibebwa kwa tipoyi, kiti cha mabegani mwa watu, kutoka Lusangi, mimba ya kwanza, na uchungu ukamshika njiani. Mtoto alizaliwa kwenye majani, mvua inanyesha. Alilia kidogo, akanyamaza. Mama alifika maternite peke yake. Alipopata nguvu ya kusimama alikuja kwa Bi Mwanvua, ambaye alikuwa akiuza chumvi mbele ya maternite na boma lake ndilo hili la nyuma, akamwambia: "Dada, lupango lako lina vyumba. Nipe kimoja, niweke ndani wanawake wa Lusangi na wa Kabambare kabla uchungu haujawaanza." Bi Mwanvua alisema: "Nilifikiri huzuni imemshika kichwa. Nilimupa chumba ili anyamaze. Hakunyamaza, sasa viko vitatu." Leo kina mama wa Kabambare na wa Wamaza wanafika kwa miguu yao wakingali na nguvu, wanakaa hapa, siku ikifika wanavuka uwanja tu.

Katibu aliomba aachiliwe. Alieleza kwamba mtoto wake Heri, wa miezi mitano, hakubali kikombe wala kijiko. Mama mkwe alijaribu uji wa mchele. Mtoto aliurudisha wote juu ya mama mkwe. Na karatasi inasema chumba cha mtu mmoja, mtoto hakutajwa mahali popote. Octave, mumewe, alikuwa ameruhusu safari. Mtoto ndiye hakuruhusu.

Mwenyekiti aliuliza kama katibu amelala usiku wa jana. Katibu alijibu kwamba jambo hilo haliko katika ajenda.

Mama Sidonie alisema ni vizuri katibu ameona mwenyewe. "Universite si baraza ya kunyonyesha. Mutu atasimama mbele ya wakubwa, mutoto anamuvuta kikwembe?"
Bi Mwanvua alijibu: "Wanaita kina mama wazungumze juu ya watoto, na watoto wakatazwe. Ni kama kuita wavuvi na kukataza nyavu."
Mama Sidonie: "Mimi sikuandika ile karatasi."
Bi Mwanvua: "Hapana. Lakini nguo umekwisha kushona."
Mama Sidonie alieleza kwamba nguo ile ilishonwa kwa ajili ya Pasaka. Bi Mwanvua aliuliza kama ni Pasaka iliyopita au inayokuja. Mwenyekiti aligonga meza.

Bi Mwanvua alisema neno moja tena, bila hasira: kwamba habari ya njia isimuliwe na aliyelala njiani. Mwenyekiti alisema hata yeye anaona hivyo, lakini mtoto wa miezi mitano haelewi mashauri.

Iliamuliwa kwamba katibu ameachiliwa, na kikao kimesikitika. Mama Sidonie atakwenda. Katibu atamwandikia maneno ya kusoma.

Kikao kilisimama kidogo ili katibu achonge kalamu.

KUMB. NA. 15/58: MAELEZO YA BI NURU KWA MSAFIRI
Bi Nuru aliombwa amweleze Mama Sidonie njia. Katibu aliandika yote ili msafiri apewe nakala.

Kamyo, yaani lori, itamfikisha kwenye mto Lualaba, atavuka, na ng'ambo atatafuta gari la kumpeleka Samba kwenye stesheni. Afike mapema akae juu ya mzigo wake, si kando yake. Treni itapita Kongolo, halafu Kabalo. Alisema: "Kabalo treni inakaa sana, watu wote wanashuka kununua samaki. Wewe usishuke. Ile filimbi haikungojei hata kama samaki iko mukononi." Mama Sidonie aliuliza kama samaki ni wazuri. Bi Nuru alisema ni wazuri sana, ndiyo hatari yenyewe.

Kamina kunakuwa baridi. Elisabethville mwezi wa Julai ni baridi kweli kweli. "Asubuhi unatoa moshi mudomoni kama mutu anayevuta tumbako. Mimi siku ya kwanza nilifikiri naungua ndani." Achukue soksi na kitambaa kizito cha mabega. Hapo baraza lote liliweka mkono mdomoni, wengine wakapuliza waone.

Juu ya mji alisema una pande mbili, cité yetu na ville ya Wazungu, na usiku mtu mweusi hatembei ville bila karatasi. Mama Sidonie aliuliza universite iko upande gani. Bi Nuru: "Upande wa ville." Mama Sidonie: "Na nitalala kule." Bi Nuru: "Utalala kule. Mimi miaka yote ile sikulala kule hata usiku mumoja. Basi ile barua ya mwaliko ikae ndani ya nguo, si ndani ya sanduku."

Juu ya choo alisema: iko ndani ya nyumba. Mnyororo unaning'inia, ukiuvuta maji yanashuka kwa kishindo kama mtoni. "Usikimbie. Mara ya kwanza kila mutu anakimbia, halafu wanamucheka." Maji ya kunywa yanatoka ukutani, na usiku kucha hayakauki. Mwenyekiti aliuliza nani anayachota. Bi Nuru: "Hakuna anayeyachota, Mama Mwenyekiti. Yanapanda yenyewe." Mama wa Wamaza, aliyekaa karibu kabisa na dirisha, alisema: "Kumbe maji nayo yanajua kupanda."

Mama Sidonie aliuliza la mwisho kwa sauti ndogo: kama mtu akisimama pale mbele, watu wote wakamtazama, afanye nini na mikono. Bi Nuru alisema hilo hakulijua, hajawahi kutazamwa na watu wote.

KUMB. NA. 16/58: MALAIKA
Mwenyekiti alisoma kifungu cha mwisho cha karatasi, kile kilicholeta maneno mwezi wa Mei. Kwa Kifaransa ni hivi: "Crèche : de trois mois à trois ans. Les mamans sont priées d'apporter les langes." Mwezi wa Mei kiligeuzwa hivi: Pango la Noeli litakuwepo, litakaa miezi mitatu mpaka miaka mitatu. Kina mama wasali, na walete malaika.

Crèche kila mtu anaijua, ni ile ya kanisani wakati wa Noeli, na Mariamu, Yosefu, punda na malaika. Bi Mwanvua pia anaijua, watoto wa jirani humvuta mkono akaitazame kila mwaka. Mwenyekiti alisema sisi hapa Kasongo tunaiondoa Wafalme Watatu wakisha kupita, na kumbe kule inakaa miaka. Alisema watu wenye vitabu vingi hivyo, na imani yao bado ni kubwa hivyo. Kikao kilistaajabu tena.

Ilikumbushwa kwamba Bi Mwanvua alikataa, si kwa ubaya, sanamu kupelekwa kwa jina la chama chenye wanawake wa Kiislamu. Ilipatanwa wapelekwe malaika wawili: mmoja mwenye uso, kwa jina la Wakristo, na mmoja asiye na uso, kwa jina la Waislamu. Fundi Théophile aliagizwa awachonge.

Fundi aliitwa, akaingia na gunia, akawasimamisha malaika juu ya meza. Alisema: "Huyu wa uso hakunisumbua. Lakini huyu mwingine, mama zangu, nilipomaliza mabawa kila mutu aliyepita aliniuliza kama ni mwiko wa ugali." Bi Mwanvua alimshika asiye na uso, akamzungusha kwenye mwanga, akasema mabawa ni mazuri kabisa. Fundi aliuliza kama Elisabethville haina maseremala. Mwenyekiti alisema ni heshima, universite imetaka mikono ya Kasongo.

Hapo mtoto Heri, aliyekuwa mapajani mwa katibu, alilowesha. Ukurasa huu nao ulipata sehemu yake, katibu anaomba radhi. Bi Nuru alimpokea mtoto ili katibu aendelee kuandika, akanyoosha mkono kwenye kikapu, akasema: "Lete lange."

Katibu aliuliza alete nini.

Bi Nuru: "Lange. Kikwembe cha mutoto, hiki. Kule mujini tunaita hivyo. Ukifika dispensari bila ziada wanakukaripia: mama, langes ziko wapi?"

Mwenyekiti alichukua karatasi, akaisogeza dirishani. Alimwomba katibu asome herufi moja moja. Katibu alisoma: l, a, n, g, e, s. Fundi aliuliza malaika kwa Kifaransa wanaandikwaje. Mwenyekiti alisema wanaandikwa anges, akaeleza kwamba Kifaransa kina mitego, na mtego huu ni wa herufi moja, iko mbele kabisa, mtu akisoma haraka anairuka.

Bi Nuru alikuwa bado anamfunga mtoto. Aliuliza bila kuinua kichwa: "Na hiyo crèche munayosema, ni ya Yesu, au ni ile ya watoto?"

Mwenyekiti: "Ziko mbili?"

Bi Nuru: "Katika kambi ya wafanyakazi iko nyumba inaitwa crèche. Mama anaacha mutoto asubuhi, wasichana wanamutunza. Saa ya kunyonya ikifika wanakuita, unakwenda unanyonyesha, unarudi. Miezi mitatu, miaka mitatu, si ndiyo umri wao? Mukubwa zaidi hawamupokei, anauma wenzake."

Mama Sidonie alisema: "Lakini wanasema tusali."

Mwenyekiti alisoma tena mstari ule, midomo inatembea bila sauti. Kisha alisema kwamba neno priées lina njia mbili. Moja inakwenda kwa Mungu. Nyingine ni ya kumwomba mtu kwa heshima. "Tunaombwa," alisema. "Si tusali. Ni sisi tunaombwa."

Bi Mwanvua alisema Kiswahili nacho kiko vile vile, kuomba tunamwomba Mungu na kuomba tunamwomba jirani moto wa jikoni, wala hakuna aliyewahi kuchanganya.

Kifungu kiligeuzwa upya, na kinaandikwa hapa: Iko nyumba ya kulea watoto, wa miezi mitatu mpaka miaka mitatu. Kina mama wanaombwa walete vikwembe vya watoto.

Umeme, utepe unaokohoa na maji yanayopanda, vyote vilikuwa vimetushangaza; lakini hili lilitushika mahali pengine. Wakubwa wa universite, pamoja na vitabu vyao mpaka darini, waliketi wakawaza mkojo wa mtoto wa mtu wasiyemjua, halafu wakaomba kwa heshima. Mama wa Wamaza alisema dirishani: "Basi wanajua kama watoto wanakojoa." Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hakualikwa, halafu akasema ni kweli, wanajua.

Fundi Théophile aliuliza: "Na hawa wawili?" Iliamuliwa kwamba mwenye uso atangojea Noeli kanisani. Juu ya yule wa pili, Bi Mwanvua aliomba apewe yeye, amweke chumba cha kwanza, juu ya mlango. Alisema: "Wanaolala humu wote wanangojea mutu ambaye uso wake hawajauona." Ilikubaliwa. Fundi aliondoka na mwenye uso, kwenye baraza alisikika akicheka peke yake.

Mwenyekiti aliuliza kama ni lazima kosa liandikwe. Katibu alijibu kwamba lisipoandikwa, atakayesoma kesho hataelewa malaika wametoka wapi. Mwenyekiti alifikiri, akasema: "Andika. Lakini uandike na mitego." Imeandikwa.

KUMB. NA. 17/58: KURUDIA KUMB. NA. 14
Bi Mwanvua alisema wazi kwamba sababu ya katibu kuachiliwa imekufa, kwa hiyo uamuzi nao ufe.

Mama Sidonie alipinga. Alisema kikao hakiwezi kuamua na kuamua tena siku moja, kama kuku anayetaga na kula yai. Uamuzi umekwisha kuandikwa. Bi Mwanvua alisema umeandikwa kwa kalamu ya risasi. Mama Sidonie alisema yeye ameelezwa njia yote mbele ya watu, mpaka choo. Mwenyekiti alisema maelezo hayatapotea, yako kwenye daftari.

Mama Sidonie alinyamaza. (Safari hii kweli alinyamaza.) Kisha alimgeukia katibu, akasema: "Mama Heri. Weka kalamu chini kidogo. Wewe mwenyewe unataka kwenda, au ulitafuta namna ya kuachiliwa? Sema sasa. Sitaki kesho watu waseme Sidonie alimunyima njia."

Katibu aliweka kalamu chini. Alisema: "Nataka kwenda."

Mama Sidonie alisema mbona hakusema hivyo tangu mwanzo. Katibu alisema tangu mwanzo hakukuwa na mahali pa kumweka mtoto.

Kura zilipigwa. Mwenyekiti aliinua mkono, Bi Mwanvua aliinua mkono. Katibu hakupiga. Mama Sidonie alitazama malaika aliyebaki juu ya meza, akainua mkono naye, si juu sana.

Iliamuliwa: Mama Émérance atakwenda na mtoto Heri. Mwenyekiti ataandika jibu kwa universite kwamba wanakuja wawili. Mtoto ataandikwa kwenye ruhusa ya mama yake. Bi Nuru na kina mama wa barazani watakusanya vikwembe. Wakati katibu hayupo, kumbukumbu zitaandikwa na Mama Sidonie, ambaye alisema yeye hataandika mambo ya watu kununa.

KUMB. NA. 18/58: SAUTI YA MJUMBE
Lilikuwa jambo lisilokuwa katika ajenda. Mama Sidonie alisema kuandika ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Kwamba katibu amekaa miaka mitatu akiandika maneno ya wengine, na hapa ndani hakuna anayeijua sauti yake. Aliomba ajaribu kusimama sasa, kama yuko kule. Katibu alisema mtoto ananyonya. Mama Sidonie alijibu: "Kule pia atanyonya. Simama naye."

Mwenyekiti aliruhusu. Mama Sidonie alitoka nje, akavuka uwanja mpaka kwenye ukuta wa maternite, akasimama pale na mikono nyuma. Kina mama wa barazani walipisha, ili sauti ipite.

Katibu alisimama na mtoto kifuani. Alisema jina lake. Mama Sidonie alipiga kelele kutoka kule: "Sisikii. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu." Katibu alianza tena. Mama Sidonie: "Umesikika na mutoto tu." Bi Mwanvua alimwambia katibu taratibu asiseme na Sidonie, aseme na yule anayebebwa sasa hivi huko Kabambare, ambaye hajajua kama nyumba hii iko.

Mara ya tatu katibu alisema hivi: "Naitwa Émérance. Nimetoka Lusangi, nakaa Kasongo. Mimi ni mama wa watoto wawili."

Mwenyekiti alimwambia polepole, kama dada mkubwa anavyomwambia mdogo wake, kwamba wakubwa wa kule watamwona na mtoto mmoja mkononi, na watauliza wa pili yuko wapi.

Katibu alisema: "Wacha waulize, Mama Mwenyekiti. Ndipo habari inapoanza."

Kule ukutani Mama Sidonie aliinua mkono, kuonyesha kwamba amesikia.

Mwenyekiti aliuliza kama maneno hayo yaandikwe hivyo hivyo, watoto wawili. Wajumbe walikubali. Yameandikwa.

Hapakuwa na mwenye neno tena. Kila mmoja aliomba kwa namna yake, na kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti: Cécilia

Katibu: Émérance